Picha ya Shangazi kwenye Tope

Huwa naambiwa nakasirika upesi, na labda ni kweli. Shule yangu iliishia mapema, na hasira ikinipanda maneno hunikimbia. Kwa hiyo naandika polepole nisimwonee mtu.

Tulitoka Haltom City, karibu na Dallas, huku Texas, kwenda Houston kumposea mdogo wangu wa kiume. Baba hayupo tena, hivyo msemaji wetu alikuwa shangazi. Kwetu Kivu kijana anaweza kunyimwa mke kwa ajili ya msemaji tu: akiingia ovyo, wakwe husema ukoo mzima ni ovyo. Shangazi alivaa kitenge kipya, na njia nzima alinong'ona maneno yake.

Dereva alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu, nesi, Mkenya wa Arlington. Tulipokaribia Houston akaona kibao cha njia ya msituni, akakata kona bila kuuliza mtu.

"Tu-stretch miguu kidogo, Mama. Kuna kilima hapa, view yake ni poa sana."

"Mulima bila shamba juu, mukwe, tunapandia nini?" shangazi akauliza.

Tukacheka, tukashuka. Niseme haki, hata mimi nilitaka kushuka. Lakini mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, miti bado inadondosha maji, na njia ni tope tupu kama kwetu masika. Shangazi ana viatu vya kanisani. Alipanda kwa sababu mkwe amemwalika, na kumkatalia mkwe mbele ya watu si heshima. Shemeji angeuliza, tungemwambia msemaji hafiki kwa wakwe na tope.

Karibu na kilele shangazi akateleza, akakaa chini pu, kitenge chote tope. Shemeji akatoa simu. Kwanza picha, halafu mkono.

"Ifute," nikamwambia.

"Relax, shem. Ni ya kumbukumbu."

Haki tena: alimbeba mgongoni mpaka garini, na shangazi si mwembamba. Lakini kabla ya kuwasha gari aliituma ile picha kwenye kundi la WhatsApp la maandalizi, ambamo wakwe wote wamo.

Houston alitufungulia mjomba wa binti, simu mkononi.

"Karibuni. Kumbe toka Dallas mulikuja kwa miguu?"

Nyumba nzima ikacheka. Mdogo wangu akainamisha kichwa. Shangazi akasimama palepale mlangoni na kitenge chake chenye madoa.

"Binti yenu munamuficha mbali. Tulimutafuta mpaka mu pori, tukaanguka, tukaamuka. Sasa mutatunyima?"

Vigelegele. Posa ikapokelewa.

Wakati wa kurudi, shemeji akasema, "Si mnaona picha yangu imesaidia?"

Shangazi alikuwa amefumba macho. Nikamjibu mimi: "Aliyesaidia ni yeye. Kilimani aliteleza mwenyewe. Kwenye kundi ulimwangusha wewe."

Labda nilizidisha. Shemeji akasema, "Pole, Mama."

"Hiyo pole," shangazi akasema, macho yakiwa bado yamefumbwa, "uipeleke kule kule ulituma photo."

Kwenye kituo cha mafuta shemeji akaegesha, akaanza kuandika. Sikumsaidia hata neno moja.