Nilivyomsifia rafiki yangu mlimani Iramba mpaka akakaribia kukosa shamba

Wakuu, poleni na majukumu.

Nimeona humu mnabishana likizo nzuri ni Zanzibar au Serengeti, nikacheka peke yangu. Mimi nimeenda likizo moja tu ya maana maishani, mlimani Iramba, na mpaka leo sijarudi kabisa. Mwili ulirudi, tena juu ya lori la alizeti. Mengine yalibaki kule.

Ninayosimulia yalitokea. Nikitia chumvi mahali nitajitaja mwenyewe, maana chumvi ndiyo iliyoniponza.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, enzi za ruksa. Soko la Singida limejaa mitumba, kila mtu kavaa koti la mzungu asiyemjua, na mashirika ya umma yanapukutika moja moja kama majani ya kiangazi.

Tulikuwa marafiki watatu wa masomo ya jioni. Mimi wa Mandewa, pale pale Singida mjini, Hamisi fundi baiskeli, na Samweli, karani wa ghala kwenye shirika moja ambalo leo hata bango lake halipo. Mchana kazi, jioni Kiingereza kwa mwanga wa chemli.

Tulipomaliza mtihani Samweli akasema, "Twendeni kwetu mkapumzike. Nyie hamjawahi kuyaona mawingu kwa juu."

Kwao ni kijiji kilichokaa ukingoni kabisa mwa mlima, pale ardhi inapokatika ghafla kushuka upande wa Sekenke.

Wakuu, sijui niwaelezeje.

Ilikuwa mwezi wa sita. Unaamka asubuhi, unatoka na blanketi mabegani, unakuta dunia imefutwa. Mbele yako ni weupe mtupu, umelala chini ya miguu yako mpaka mwisho wa macho. Unasikia kengele za ng'ombe humo ndani lakini ng'ombe humwoni. Jogoo anawika chini yako. Halafu jua linapanda taratibu, weupe unaanza kupasuka, na mbuga ya Wembere inajitokeza kipande kipande, kama mtu anayekumbuka ndoto.

Maziwa ya kule ni mazito, unasimamisha kijiko. (Hiyo ni chumvi. Kijiko kiliegemea.)

Tulikaa wiki mbili. Siku zilikuwa zinateleza tu. Tunakaa juu ya jiwe moja kubwa, tunakula viazi vya kuchoma, hakuna anayeuliza saa.

Sasa zikabaki siku tatu.

Jioni moja Hamisi yuko kisimani, Samweli akaniambia bila kunitazama, "Bwana, mimi sirudi mjini."

Nikajua utani. Akagusa mfuko wa ndani wa koti lake.

"Nimepunguzwa kazi. Barua ninayo tangu kabla ya mtihani. Mama hajui. Baba mdogo anatugawia mashamba ya marehemu baba kesho, mimi na mdogo wangu Yona. Nikipata hili la ukingoni, naanza upya. Nisipopata, sina pa kushika."

Wakuu, nilihisi baridi, na haikuwa ya mlima.

Kwa sababu kwa siku kumi na moja nilikuwa nimemsifia Samweli kwa mama yake bila kupumua. Si mnajua, ukifikia kwa watu unamsifia mtoto wao, ndiyo shukrani ya chakula. Ila mimi nilizidisha. Nilisema ofisini ana kiti cha kuzunguka. Nilisema bila saini yake hakuna gunia linalotoka ghalani, hata mkurugenzi anamsubiri mlangoni. Yule mama alikuwa anasikiliza mkono umeziba mdomo, kesho yake nasikia habari hiyo hiyo kutoka kwa jirani, na kiti kimeongezwa magurudumu.

Samweli alikuwa ananiacha tu. Nilidhani anafurahi.

Kesho yake tulikuwa uwanjani tunapiga alizeti kwa fimbo, familia nzima na majirani. Baba mdogo akaja. Mtu mrefu, koti la mtumba lenye manyoya shingoni. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia, akasimama katikati.

"La bondeni ni la Yona. Na la ukingoni nalo nimempa Yona. Samweli ana kiti kinachozunguka, jembe atalishikia wapi?"

Watu wakacheka kwa kuridhika. Mama Samweli ndiye aliyecheka zaidi, anawaangalia majirani mmoja mmoja.

Samweli akaendelea kupiga alizeti. Pwa. Pwa. Nilimwelewa. Angesemaje, mbele ya uso ule wa mama yake?

Nikatupa fimbo. "Baba, shikamoo tena. Yale yote niliyosema ni uongo wangu. Samweli hana kiti. Hana kazi."

Uwanja mzima ukaangua kicheko!

"Sikia anavyomshusha mwenzake!"

"Samweli ndiye kamtuma, wakubwa hawapendi kujionyesha."

Hamisi naye, badala ya kunisaidia, akasema, "Huyu akikwambia mvua inanyesha, toka nje ukahakikishe." Lakini alipoiona sura ya Samweli akanyamaza.

Samweli akaweka fimbo chini polepole. Akatoa barua, akampa baba mdogo kwa mikono miwili.

Baba mdogo akaikunjua. Kiingereza kitupu. Akanitazama mimi.

"Wewe uliyesoma jioni. Soma. Na usitie chumvi."

Wakuu, nimefanya mitihani mingi. Huo ndio ulikuwa mtihani.

Barua ilikuwa na sentensi nne. Ya kwanza ya shukrani, hiyo ilipita. Nilipofika ya pili, ulimi ulianza kunitafutia maneno ya kupamba. Ningeweza kusema amepewa likizo ndefu. Ningeweza kusema wanamwandalia cheo kingine. Mama yake alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu, maganda ya alizeti yamemjaa kwenye kilemba.

Nikasoma, "Nafasi yako ya kazi imefutwa. Usirudi kazini."

Basi. Nikamalizia mbili zilizobaki, nikairudisha.

Hakuna aliyecheka.

Mama akauliza, kwa sauti ndogo, "Na kile kiti?"

"Cha mbao, mama. Mguu mmoja mbovu."

"Hakizunguki?"

"Hakizunguki, mama. Nisamehe."

Akamwendea mwanawe, akamfuta vumbi begani, halafu akamgeukia shemeji yake wakasemezana Kinyiramba haraka haraka. Mimi Mnyaturu nilidaka nusu tu, ila nusu hiyo ilikuwa na jembe ndani yake.

Baba mdogo akamwita Yona. Kijana wa watu, mpole.

"Unasemaje?"

Yona akajikuna kichwa. "La bondeni linanitosha, baba. Kule ukingoni upepo unabeba mbuzi."

Nikamwangalia. Kumbe mlimani sikuwa peke yangu kwa chumvi!

Siku ya mwisho tuliamka ukungu bado haujaachia. Tukaenda sote kuweka mpaka wa shamba la Samweli kwa kupanda minyaa. Tulikuwa hatuonani vizuri. Nasikia tu Hamisi anakohoa, jembe linagonga, mama anasema "sogeza hapo, mwanangu," na sijui mwanawe gani kati yetu anaambiwa. Mnyaa wa pembeni kabisa, upande wa mbuga, niliupanda mimi kwa mkono wangu. Jua lilipopasua weupe, Samweli alikuwa amesimama ndani ya mipaka yake, anaangalia chini Wembere kama mgeni.

Mchana tukapanda lori.

Funzo langu: kabla hujamsifia mtu, muulize sifa hiyo itamnyima nini. Wengi tunawapandisha rafiki zetu juu, kisha wanakosa pa kushukia.

Samweli yuko kule hadi leo. Mwaka jana nilikwenda. Mnyaa wangu sasa ni mrefu kama mnara wa simu.

Haya. Bila chumvi: umefika usawa wa paa.

Nanyi semeni, wakuu. Nani humu aliwahi kuponzwa na sifa njema za rafiki?