Siku Niliyomkataa Mtani Wangu

Mimi ni mwoga. Watu wa kijijini kwetu wakisikia hivyo wanacheka, kwa sababu nina mdomo. Msibani ni mimi ninayejilaza mbele ya jeneza nikidai marehemu hajafa, anakwepa kulima tu, aamshwe apewe jembe. Harusini ni mimi ninayemwambia bwana harusi kwamba tumemhurumia. Lakini mdomo na moyo ni vitu viwili. Gari la polisi likipita, hata kama limembeba mama mjamzito kumpeleka zahanati, naingia ndani na kufunga mlango.

Kijiji sikitaji, wala mtu yeyote. Sisi bado tunaishi huku, na wao bado wako maofisini. Itoshe kusema ni upande ule ambao ukitaka mnada unakwenda Goweko, na ukitaka duka la maana unapanda gari mpaka Tabora mjini. Kuna njia ya zamani ya misafara iliyopita pembeni ya kijiji, walikopita babu zetu wapagazi na pembe za ndovu begani kwenda pwani. Siku hizi ni njia ya ng'ombe.

Njia hiyo inapita ukingoni mwa mbuga yetu. Wageni wakisikia mbuga hudhani kuna twiga. Kwetu mbuga ni bonde la udongo mweusi linaloshika maji ya mvua, na humo ndimo tunamolima mpunga. Mume wangu alipofariki, ndugu zake waligawana ng'ombe wote, wakaniachia majaruba manne ya mpunga wakiona ni matope tu. Haya, matope hayo ndiyo yaliyosomesha wanangu, na sasa yanalisha wajukuu. Sina kingine. Ukinichukulia mbuga umebakiza kunichimbia kaburi, na hilo nalo sijui utalichimba wapi.

Mwaka juzi wakaja vijana na mashine za kupimia, wakasimika bikoni za zege, zile alama za mipaka, katikati ya mpunga uliokuwa umeanza kutoa masuke. Tulipouliza, walisema wametumwa. Mwenyekiti wetu wa kijiji akaenda wilayani kuuliza, akaambiwa mbuga itapewa mwekezaji wa kilimo kikubwa, na sisi tutaletewa maelezo wakati ukifika. Wakati ukifika. Kama vile sisi ni kuku tunangojea kutupiwa mtama.

Hapo ndipo mbunge wetu alipoingia. Zamani sikumpenda sana, nakuambia kweli. Niliona ni mmoja wa wale wanaokuja na kofia na fulana halafu wanapotea. Lakini mchana mmoja tukiwa mashineni tunasubiri kusaga, mwenye mashine akapandisha redio, tukamsikia kutoka Dodoma. Hakupiga kelele. Aliuliza tu: kijiji ni serikali au si serikali? Kama ni serikali, kwa nini ardhi yake inagawanywa bila mkutano mkuu wa kijiji kuulizwa? Akasema yeye mwenyewe, pamoja na ubunge wake, hana haki ya kuitoa hiyo mbuga, wala waziri hana, mpaka wanaokaa pale wakubali kwa mdomo wao. Wenzake wengine walimzomea. Sisi mashineni tulipiga makofi mpaka unga ukapeperuka.

Furaha yetu haikumaliza wiki. Mwenyekiti aliitwa kituoni kujibu maswali, eti anachochea watu. Akakaa huko siku mbili. Aliporudi alikuwa anatembea kama mtu aliyejitwisha ndoo iliyojaa, anaogopa isimwagike. Ukimuuliza wamekufanya nini, anasema hakuna. Mkewe aliniambia kisimani kwamba sasa mumewe anafunga mlango kwa komeo hata jua halijazama. Kuanzia hapo watu wakaacha kuzungumzia mbuga. Ukiitaja tu, mtu anakumbuka ana mboga jikoni.

Mbunge akaja. Gari aliliacha barabarani akatembea kwa miguu nyumba hadi nyumba, ikafika zamu yangu.

"Mwangaluka, mayu," alinisalimu kwa Kinyamwezi, kama kijana wa hapa.

"Mwangaluka. Umekuja na fulana?"

Alicheka kidogo. Nikamwekea ugali na nsansa, yale majani makavu ya kunde tunayoyaunga kwa karanga. Alikula vizuri, lakini macho yake yalikuwa mlangoni muda wote. Nikaona kumbe na huyu anaogopa. Hofu yangu ikapanda badala ya kushuka, maana kama mwenye ulinzi wa bunge anatazama mlango, mimi mwenye mlango wa mabati nitazame wapi?

"Mama," alisema, "wamekubali mkutano mkuu uitishwe. Hilo nimelipata. Lakini nisikilize vizuri. Siku hiyo mimi sitasaidia kitu. Si mkazi wa hapa. Nikiwasemea mimi, watasema wananchi walikuwa wamekubali, mbunge ndiye aliyekuja kuvuruga. Inatakiwa mtu wa hapa asimame aseme hatutaki."

"Basi mwenyekiti."

"Mwenyekiti ndiye anayeongoza mkutano. Na yale yaliyompata unayajua."

"Kwa hiyo unanitazama mimi?"

"Nimepita nyumba zote, mama. Kila nyumba wanakutaja wewe. Wanasema una mdomo."

Nilimwambia aoshe mikono aende zake. Alipoondoka nilikaa pale pale kwenye kigoda, sahani hazijatolewa. Nilijua watu wamenitupia mzigo. Wapagazi kweli, mzigo mzito unampa mwenzio.

Siku ya mkutano tulikusanyika mbele ya ofisi ya kijiji. Gari la polisi lilikuwa limeegeshwa pembeni, askari wamekaa ndani, milango wazi, mmoja anakula muhindi wa kuchoma. Hawakufanya lolote. Hawakuhitaji. Nilikaa na wanawake wenzangu, nikaivuta khanga mpaka kwenye nyusi kama mwali.

Kisha akashuka bwana mkubwa kutoka wilayani. Tulikuwa tumeambiwa ni mkali. Akasimama, akatutazama, akasema, "Wapagazi wangu hamjambo?"

Watu wakaangua kicheko. Kumbe Mzaramo! Kwa asiyejua: Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, tangu enzi hizo za misafara. Babu zetu walifika pwani wamechoka, wana njaa, wengine wanafia njiani, na Wazaramo ndio waliowapokea na kuwazika. Ndiyo maana mpaka leo mtani wako anaweza kukutukana mbele ya mkweo na hukasiriki. Ukikasirika umevunja kitu kikubwa kuliko wewe. Bibi yangu alikuwa akisema mtani ni mtu aliyepewa ruhusa na marehemu.

Nikapumua. Nikasema moyoni, Mungu si Athumani. Mtani hawezi kunifunga.

Bwana yule alieleza mradi kwa muda mrefu. Ajira, barabara, trekta. Alipomaliza, mwenyekiti wetu akauliza kwa sauti ndogo kama kuna mwenye neno. Askari akatupa gunzi la muhindi, tukalisikia likianguka. Mbunge, aliyekuwa benchi la wageni, akainuka nusu.

"Mheshimiwa, nakuheshimu sana," bwana mkubwa alimkatiza kwa upole. "Lakini wewe mwenyewe ulisema bungeni kwamba mkutano huu ni wa wanakijiji. Wewe ni mwanakijiji wa hapa?"

Mbunge alitutazama sisi tuliokaa chini. "Hapana," akasema. "Umesema kweli."

Akaketi. Nilimwona anatazama mikono yake. Maneno yake mwenyewe yalikuwa yamemfunga mdomo, na hakuyakana. Siku hiyo ndiyo niliyoanza kumheshimu, na ndiyo siku niliyotamani angekuwa mwongo kidogo.

Nikasimama. Sikuwa jasiri, nilikuwa na utani. Nikaishusha khanga mabegani, nikaweka mkono kiunoni.

"Enyi Wazaramo! Mmeuza mashamba yenu yote ya pwani, pesa mkazimaliza kwa ngoma na pilau. Sasa mmekosa cha kuuza mmepanda treni kuja kuuza ya kwetu? Hatukupi mbuga! Ukaicheze kama ngoma? Rudi kwenu ukakune nazi!"

Mkutano ulilipuka. Wazee walipiga vigelegele kama wanawake. Hata yule askari alicheka. Bwana mkubwa alicheka mpaka akatoa kitambaa akajifuta macho, kisha akaninyooshea kidole.

"Wewe mama, babu yako alibeba mzigo mpaka kwetu bila viatu. Umewahi kusikia mpagazi anabishana na mzigo? Mpagazi anaambiwa beba, anabeba!"

Kicheko kikazidi. Nilikaa chini nikiwa mwepesi. Nimesema. Nimekataa mbele ya serikali na polisi, na hakuna aliyenigusa. Jirani yangu alinipiga paja kwa furaha. Sote tulijua mbuga imekataliwa. Kwetu neno zito husemwa hivyo. Mkwe anaonywa kwa utani, mlevi anaonywa kwa utani, hata ndoa mbaya inavunjwa ikianzia kwenye utani. Kila mtu anacheka na kila mtu anaelewa.

Bwana mkubwa akakunja kitambaa chake. "Haya, mwenyekiti. Tumecheka, tumefurahi. Kwa kuwa hakuna aliyepinga, mkutano umeridhia. Mtendaji aandike hivyo, tufunge."

Mwanzoni sikuelewa. Nilidhani bado anatania. Nikamtazama mtendaji wa kijiji, kijana aliyekuwa anaandika kumbukumbu za mkutano, nikaona ameinamisha kichwa na kalamu inakwenda. Nikamtazama mwenyekiti. Alikuwa anatazama miguu yake, jasho linamchuruzika shingoni. Watu walikuwa bado wana kicheko usoni, kimewaganda.

"Mimi si nimekataa?" nilisema, bado nimekaa.

Bwana mkubwa akanigeukia. Hakuwa amekasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mtani wangu, ule ulikuwa utani. Tumetaniana, yameisha." Kisha akashusha sauti, kama ananishauri. "Au unataka nikuchukulie kweli?"

Nilielewa vizuri sana. Alikuwa ananionyesha mlango wa kutokea. Nikinyamaza, mimi na yeye ni watani, nitarudi nyumbani nimechekesha watu, na mbuga imekwenda. Nikisema ndiyo, nichukulie kweli, basi sina tena ruhusa ya marehemu yeyote. Nitakuwa mwanamke tu aliyebishana na mkubwa mbele ya gari la polisi. Nilimtazama mwenyekiti na zile siku zake mbili ambazo hajamsimulia mtu. Jirani yangu aliyekuwa amenipiga paja alikuwa ananivuta khanga, akininong'oneza, usisimame, usituletee balaa.

Nilitamani kubaki chini. Mwili wote ulitaka kubaki umekaa. Lakini nikayaona majaruba yangu yale manne na bikoni ya zege katikati, na wajukuu wakila nini sijui, na hasira ikanipanda ikiwa imechanganyika na woga mpaka sikujua kipi ni kipi. Nikasimama.

"Nichukulie kweli," nilisema.

Sauti ilitoka nyembamba, siijui. Sikuweka mkono kiunoni. "Mimi ni mkazi wa kijiji hiki. Nalima mbuga hiyo. Sikubali itolewe. Naomba iandikwe."

Hakuna aliyecheka. Nilisikia mtoto analia kwa mbali na mama yake anamnyamazisha.

"Jina lako kamili," alisema bwana mkubwa.

Nikalitaja, la kwangu, la baba na la babu. Mtendaji akaandika.

Hapo mwenyekiti wetu akainua kichwa. Alikuwa na uso wa mtu mgonjwa. "Kwa utaratibu," alisema, na ikabidi akohoe aanze upya, "kwa utaratibu, hoja ikitolewa inapigiwa kura. Wanaomuunga mkono mama wanyooshe mikono."

Mikono haikupanda kama kwenye picha za kampeni. Ulipanda mmoja, wa mzee mmoja wa mizinga ya nyuki, ukakaa peke yake hewani muda ambao niliona ni mwaka. Kisha mwingine. Wengine waliinua mkono huku wamefunika uso kwa mwingine. Wako walioondoka kimya kimya, na siwalaumu. Jirani yangu aliinua wake akilia. Ilipohesabiwa, waliokataa walikuwa wengi. Mbunge hakupiga makofi. Alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, na macho yake yamejaa machozi.

Mkutano ulipofungwa, bwana mkubwa alipita katikati ya watu kuelekea gari lake. Alipofika niliposimama, akasimama na yeye. Nilingoja aniite mpagazi. Nilikuwa nimeshatayarisha la kumjibu, nilikuwa radhi anitukane mimi na ukoo wangu wote.

Akainamisha kichwa kwa adabu. "Shikamoo, mama."

Wenzangu waliona ameniheshimu. Mimi niliishiwa nguvu. Mtani hamwamkii mtani wake hivyo. Shikamoo ni ya mtu baki, na mtu baki anaruhusiwa kukasirika.

"Marahaba," nikamwitikia.

Bikoni bado zipo, ila hakuna mwekezaji aliyekuja kulima. Mbunge anaendelea kusema huko Dodoma, na wanaomzomea wanaendelea kumzomea. Mpunga wa mwaka huu nimeupanda, umeshika vizuri. Gari likipunguza mwendo kule barabarani naacha jembe, nasimama ndani ya maji mpaka nijue ni la nani.