Kioo cha Amoit

Busia nzima, ukitaka jina la duka liandikwe likaandikika, unaambiwa mtafute Phiona. Siku hizi hata wenye maduka wa upande wa Kenya wanavuka kumwita, naye anapita katikati ya malori na makopo yake ya rangi, kidevu juu. Acha aringe. Kuna wakati hakuruhusiwa kugusa kioo.

Kazi alifundishwa na baba yake, mzee Odoi wa Tororo. Kwa Odoi, kioo huandikwa kwa ndani, kwa sababu nje vumbi na matambara ya wafagiaji hayaachi kitu. Basi herufi hupakwa kinyume, ili aliye nje azisome sawasawa. Kioo cha kwanza alichopewa Phiona kilikuwa cha duka lililoitwa ZION. Odoi alimkabidhi herufi za karatasi, akamwambia aanzie kulia na kuzigeuza moja moja.

Neno hilo la kugeuza ndilo lililomponza. Odoi alitaka zifunikwe, mgongo uwe juu. Phiona alizigeuza kichwa chini, akaona Z imebaki Z na N imebaki N, akafurahi kwamba kazi yenyewe ni nyepesi hivyo, akapaka. Kwa nje, I na O zilikaa vizuri, lakini Z na N zilikuwa zimeangalia nyuma. Maloba, fundi viatu wa jirani, alicheka mpaka akaweka sindano chini. Aliwaambia wapita njia kwamba Z ya Odoi imekataa kuvuka mpaka.

Odoi alikifuta kioo mwenyewe. Kisha akaweka sheria: vioo ni vyake, Phiona abaki na kuta. Sheria hiyo ilimuuma Phiona miaka kadhaa.

Alinuna, tena sana, lakini mikono haikununa. Nyumbani alikata herufi zote za karatasi, akawa anazikunja na kuzizungusha. Aligundua kwamba A, M na T ukizikunja wima katikati, nusu inalala juu ya nusu, na kwa hiyo hata ukizitazama kwa nyuma ya kioo ni zilezile. Z, N na S zinakubali kuzungushwa nusu mzunguko tu, ukizifunika zinakusaliti. H, O, I na X hazina makuu, zinakubali yote mawili. F na R hazikubali lolote, na Phiona alizipenda hivyo hivyo.

Ndipo akaja Amoit, muuza vitenge, na mlango wake mpya wa kioo. Alitaka jina lake lisomeke na anayeingia na anayetoka, ili hata asiyenunua aende nalo kichwani. Tena alilitaka kabla ya kufungua duka kesho yake, na Odoi alikuwa Tororo. Phiona aliziwaza herufi za jina lile moja moja. Alijua kwamba akikosea safari hii, hatashika kioo tena maisha yake yote. Akachukua brashi.

Aliliandika kwa ndani, kutoka juu kwenda chini, herufi moja chini ya nyingine: A, M, O, I, T. Hakuweka hata moja kinyume.

Odoi alifika kesho yake kabla rangi haijakauka vizuri. Alisoma akiwa nje. Aliingia, akasoma tena akiwa ndani, akatoka, akarudi. Akauliza ni herufi zipi zimegeuzwa.

“Hakuna, Baba,” alisema Phiona. “Hizi zote zinakunjika katikati. Ukizipanga wima, mbele na nyuma ni sawa.”

 Mzee alisimama mlangoni, mikono nyuma, mpaka Maloba akasogea kutazama. Naye Maloba alisoma nje na ndani, akatikisa kichwa, akampongeza Odoi kwa kazi yake.

“Hii si mkono yangu,” Odoi alisema, kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara. “Ni ya Phiona. Kioo zote za Busia sasa ni zake. Mimi nabaki na ukuta.”

Phiona aliinama kukaza kifuniko cha kopo ambacho kilikuwa kimekazwa tayari. Alikuwa akilia, na hakuona haya.