Maneno Magotini mwa Milimita

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na ana ugonjwa mmoja: hatupi kitambaa. Chini ya meza yake kuna gunia la mabaki lililonenepa kunishinda mimi. Humo kuna bluu ya sare za shule, kijani cha manesi, pindo za mapazia, na mifuko ya suruali za watu waliokuja kupunguziwa kiuno halafu wakarudi kuongezewa. Nikimuuliza ya nini yote hayo, hunijibu tu, "Kuna siku."

Mwaka huu kaka yake, yaani baba mkubwa wangu, alipata kiharusi. Yeye ni seremala. Mtaani wanamwita Milimita kwa sababu mlango ukipishana na fremu kidogo tu, anaung'oa wote aanze upya, hata mwenye mlango akilia. Kiharusi kilimchukua mkono wa kulia na ulimi. Akili hakikuigusa. Nesi alituambia wazi: "Anasikia kila kitu, anaelewa kila kitu. Mpeni njia ya kusema. Akichoka kujaribu, kumrudisha itakuwa kazi."

Na alikuwa ameshaanza kuchoka. Kalamu ilimponyoka mkono wa kushoto, akaitupa. Kadi zenye picha za kikombe na kitanda zikaifuata kalamu hukohuko. Mtu aliyezoea kugombana na mbao akawa anatazama ukuta kutwa nzima, na hata chai alikunywa kwa kubembelezwa.

"Kaka si wa kuonyeshwa picha za vikombe," Shangazi alisema siku moja, akilivuta lile gunia. "Nitamshonea blanketi la maneno. Akitaka kitu, anaweka mkono juu ya neno, basi."

Nilidhani atachora herufi kwa chaki, azikate, azishonee juu ya blanketi. Wapi! Alizijenga. Alichukua utepe wa bluu, akauunga katikati ya vipande viwili vyeupe: hiyo I. Akasimamisha mbili za namna hiyohiyo, akaziunga kwa utepe mfupi katikati: H. Hakuchora wala kupima. Alikata kwa macho, akashona, akapiga pasi, akakata tena palipozidi. S ya DIRISHA peke yake ilimla asubuhi nzima na maneno mengine nisiyoweza kuyaandika hapa.

"Shangazi, mbona hii M ni nene kuliko A?"

"Imekula ikashiba."

"Na hii D imeinama."

"Hata wewe darasani unainama, mbona hatukufumui? Nipe mkasi."

Niligundua kwamba kila mshono unakula kitambaa. REDIO ilianza na upana wa mto, ikamalizika kama kitambaa cha mkononi. Neno likipungua, Shangazi alilipachikia kipande chochote chini yake hadi lilingane na jirani yake. Kila jioni aliyatandaza sakafuni, akasimama mikono kiunoni, akaihamisha CHAI, akairudisha CHAI. Hata yeye hakujua blanketi litaishia kufanana na nini.

Baada ya wiki tatu tulimkalisha Baba mkubwa kitandani, mito mgongoni. Shangazi alimfunika miguu, akarudi nyuma hadi mwisho wa kitanda, akasoma yote kwa sauti kama mwalimu anayeita majina. "MAJI, CHAI, REDIO, CHOO, DIRISHA, NDIYO, HAPANA. Haya, Kaka. Unataka nini?"

Baba mkubwa alilitazama blanketi. Akamtazama Shangazi. Akageuza uso ukutani.

Jikoni, Shangazi aliosha kikombe kimoja mara nne. "Labda nimemwaibisha," alisema. Nilitaka kumwambia blanketi ni zuri sana, lakini hilo silo lililokuwa likimsumbua.

Kesho yake alikwenda kumkata kucha. Akakaa kitandani ubavuni mwake, wote wawili wakitazama upande mmoja. Ghafla mkasi ukasimama.

"Mungu wangu. Hebu njoo ukae hapa usome."

Nikakaa. Maneno yote yalikuwa kichwa chini, miguu juu.

Miaka thelathini Shangazi ameitazama nguo akiwa amesimama mbele ya aliyeivaa. Blanketi nalo alilipanga lisomeke kutoka aliposimama yeye.

"Kaka, nimekutundikia bango!" alisema. "Kama duka! Wageni wasome, wewe ulale chini yake!" Akacheka hadi miwani ikamdondoka. Kisha ikasikika sauti ya kukwaruza, kama msumeno kwenye mbao mbichi. Baba mkubwa alikuwa anacheka pia, mara ya kwanza tangu augue.

Shangazi akaligeuza blanketi. Baba mkubwa akapitisha kiganja cha kushoto neno kwa neno. MAJI akairuka. CHAI akairuka. Akafika pembeni, mahali pasipo na kitu, akapagonga kwa kidole.

"Hapo hamna neno, Kaka."

Akapagonga kwa nguvu zaidi.

"Aa! Neno lako halimo kati ya niliyoshona?"

Mkono ukatua juu ya NDIYO.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nianze kubahatisha. Shangazi akanikata jicho. Alikwenda akaleta gunia, akalimwaga magotini mwa kaka yake. Vipande havihitaji vidole vya kushika kalamu. Vinasukumwa kwa kiganja tu. Baba mkubwa akasukuma vitatu, akivisogeza kidogo hivi, kidogo vile: N. Herufi ya pili ilimtoa jasho hadi alipopata kipande kilichopinda, kola ya shati la mtu: J. Ya tatu ilikuja haraka.

NJE.

"Nje?" Shangazi aligeukia dirishani. "Na sisi tunakufungia mapazia, tukidhani unaona haya kuonekana!"

Tulimwita baba, tukambeba Baba mkubwa na kiti chake hadi barazani. Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara alipiga kelele, "Milimita! Ile stuli yangu inayumba, unapumzika nini huko?" Baba mkubwa akamwinulia mkono, mdomo umepinda kwa tabasamu la upande mmoja.

Shangazi naye alitoa cherehani yake nje, akaanza kuunga neno jipya kwa vipande vilevile alivyovipanga kaka yake. Alipotaka kuinyoosha N iliyoinama, kaka yake alimshika mkono, akamkazia macho. Ikashonwa vilevile. Alipomaliza aliinua kitambaa kumwonyesha, lakini Baba mkubwa hakuwa akimtazama. Mkono wake ulikuwa umezama kwenye mabaki hadi kiwiko, na juu ya goti lake herufi mbili za neno jingine zilikuwa zimeshakaa.