Popo wa Ghorofani na Binti Anayeombea Mvua

Saa moja asubuhi mvua inapiga mapaa ya jirani, na katika chumba kimoja cha ghorofa ya tatu mtu mzima amepiga magoti sakafuni akihangaika na vifungo vya koti dogo la njano. Kila akifunga kimoja, mwenye koti anafungua cha juu yake. Mwenye koti ana miaka minne, na mabuti ya mpira ameshayavaa tangu alipotoka kitandani, juu ya nguo zake za kulalia.

"Tulia basi, mama," anasema baba mtu. "Mvua haikimbii."

Binti anamjibu kwamba jana ilikimbia. Hana kosa. Jana mvua ilianza alfajiri ikakatika kabla ya chai, baba akachukua ndoo yake akaenda kazini, na kilio kilichofuata kilisikika mpaka chini kwa fundi viatu.

Wenzake kazini wanamwita Popo, kwa sababu riziki yake anaitafuta akining'inia. Huosha vioo vya majengo marefu: anashushwa kwa kamba kutoka juu ya paa, ndoo ikiwa kiunoni, anapaka sabuni, anakokota maji kwa ubapa wa mpira, kisha anashuka dirisha linalofuata. Jua likiwaka anapanda, iwe Jumapili, iwe sikukuu. Mvua ikinyesha kamba zinateleza, hakuna anayepanda, na asiyepanda halipwi.

Ndiyo maana nyumba hii ina maoni mawili kuhusu mvua. Mkewe, ambaye ni mshonaji katika kiwanda cha sare za shule, akiisikia tu ikidondoka anavuta pumzi ndefu. Binti yao, ambaye wanamwita Chiriku kwa kuwa tangu ajue kusema hajanyamaza, anaiombea kila jioni kabla ya kulala, na anaiomba kwa kina: inyeshe sana, inyeshe kutwa, na isimloweshe mama akienda kazini. Siku za jua baba anaondoka yeye hajaamka, anarudi yeye ameshalala. Baba wa Chiriku ni baba wa mvua.

"Watu wananiuliza mbona nacheka kazi imesimama," anasema Popo, akirudia vifungo kwa mara ya tatu. "Nitanuna vipi na huyu hapa ananisubiri mlangoni?"

Lakini leo kicheko chake kina kitu ndani. Bosi wake amempa nafasi ya usimamizi. Hataning'inia tena, atakuwa chini, akikagua kamba na mikanda na kuwapanga vijana, na atalipwa kila mwezi bila kujali hali ya hewa. Ila msimamizi anakwenda kazini kila siku, jua na mvua, kwa sababu siku za mvua ndizo za kukagua na kushona vifaa. Bosi anataka jibu leo kabla ya saa kumi alasiri. Popo akikubali, siku za mvua zimekwisha.

Mkewe amemwachia neno moja tu kabla ya kutoka. Ukikataa, alimwambia, njoo uniambie mwenyewe uso kwa uso, usinitumie ujumbe wa simu. Popo anakiri kwamba alikuwa ameshaamua kukubali. Alitaka tu aimalize siku hii kwanza.

Basi la kwenda mjini limejaa makoti yanayovuja, na vioo vyote vimefunikwa na ukungu wa pumzi za watu. Popo hawezi kukaa karibu na kioo kichafu, anasema mwili unamwasha. Kabla basi halijafika kituo cha pili ameshafuta cha kwake, cha mbele yake, na cha mama mmoja aliyekuwa amelala, ambaye aliamka akidhani anaibiwa.

Hapo ndipo Chiriku alipoona vema kumtambulisha mzazi wake kwa abiria. Nyumbani ameambiwa tangu mdogo kwamba baba anashughulika na vioo, na kioo anachokijua yeye ni kile cha chumbani, anachokitumia mama kuchania nywele. Akawaeleza watu kwa sauti ya kusikika kwamba kazi ya baba yake ni kujitazama kwenye kioo kutwa nzima.

"Na mume wangu ndiyo kazi yake," alijibu yule mama aliyeamshwa, "ila yeye halipwi."

Basi zima lilivunjika mbavu. Popo alicheka mpaka akafuta machozi, na akiwa na mkono usoni akafuta na kioo kingine.

Mjini mvua haikuwahurumia. Walirukia madimbwi yote ya barabara ya kwanza, madogo kwa makubwa, Chiriku akihukumu nani ameruka vizuri, na hukumu zake hazina rufaa. Waliingia katika jengo la maduka wakapanda ngazi zinazotembea, wakashuka, wakapanda tena, mpaka mlinzi akawauliza wanakwenda ghorofa gani. Chiriku akamwambia hawaendi popote, wanapanda tu. Mlinzi alifikiri kidogo, akasogea pembeni. Mwandishi wa habari hii, aliyefuatana nao tangu asubuhi, alipanda pia, na anapenda kusema hakujuta, ingawa soksi zake zilikuwa na maoni tofauti.

Mchana baridi ilipowaingia mifupani walikimbilia mkahawa mmoja wa pembeni, wenye kioo kikubwa kuanzia sakafuni hadi juu kinachotazama barabara. Ndani kulikuwa na joto, na kioo chote kilikuwa cheupe kwa ukungu. Popo aliagiza maziwa ya moto vikombe viwili na kipande cha keki, akaitoa simu mfukoni, akaiweka mezani akaanza kuitazama. Chiriku alisimama juu ya kiti chake akaanza kuchora kwenye kioo kwa kidole.

Alichora muda mrefu, ulimi nje. Baba yake alikuwa hapo, lakini mawazo yalikuwa kwa bosi. Anasema alikuwa akiyapanga maneno ya kukubali, mkono ukaondoka wenyewe. Aliuvuta mkono wa sweta mpaka kwenye vidole, akaanzia pembe ya juu, akashuka kwa mizunguko kama wanavyofundishwa, akamalizia kingo kwa ncha ya kidole. Kioo kikang'aa. Barabara ikaonekana, na magari, na mtu aliyekuwa akikimbiza mwavuli wake.

Kilichomshtua ni kimya. Chiriku alikuwa amekitazama kioo kisafi huku kidole chake bado kikiwa hewani, na hakuwa akisema chochote.

"Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona," anasema. "Miaka yote hii nafuta vumbi na kinyesi cha ndege, sikuwahi kufuta kitu cha mtu."

Alimwomba radhi. Alijaribu kukipulizia kioo pumzi ili ukungu urudi, akapuliza mpaka kichwa kikamzunguka na mhudumu akaja kuuliza kama anajisikia vibaya. Mwishowe alimwomba Chiriku amwonyeshe mahali kila kitu kilipokuwa, ili yeye akikumbuke kichwani. Hilo mtoto alilikubali. Akaonyesha kwa kidole juu ya kioo kitupu: hapa mama, hapa bibi na mkoba wake, hapa mimi, hapa paka wa fundi viatu. Popo akasubiri. Orodha ilikuwa imekwisha.

"Na baba nilikuwa wapi?"

"Hukuwepo," alisema Chiriku. Akanyoosha mkono mpaka pembe ya juu, pale pale mfutaji alipoanzia. "Si kulikuwa na jua hapa. Jua likiwaka hupo."

Hakulalamika. Alilisema kama mtu anavyosema kwamba maziwa yamepoa, kisha akarudi kwenye keki yake. Popo hakuweza kula. Siku zote alijihesabia kwamba mvua inampa binti; hakuwa amewaza kwamba siku nyingine zote, ambazo ndizo nyingi, mtoto ameshazoea kuijaza picha bila yeye.

Ilikuwa bado mapema alipopiga simu. Alimpakata Chiriku, akajikaza kisabuni, akamwambia bosi kwamba kazi ya usimamizi anaitaka, ila anaomba siku moja kila wiki iwe yake, ile ile, hata jua liwake vipi. Bosi ni mama wa makamo aliyeianza kampuni kwa ndoo mbili, na hana mazoea ya kubembelezwa. Alimuuliza kama amewahi kuona msimamizi anayejichagulia siku. Popo akasema hajawahi. Akamweleza habari ya kioo, yote, pamoja na jua la pembeni. Upande wa pili zikasikika kurasa za daftari zikifunuliwa.

"Alhamisi," bosi alisema hatimaye. "Siku hiyo nitasimama mwenyewe. Na ikinyesha Alhamisi, Ijumaa usije ukaniambia unadai siku nyingine ya jua."

Kilichobaki ni kumwambia mkubwa zaidi. Popo alimgeuza Chiriku wakatazamana, akamweleza bila kupunguza kitu: kuanzia wiki ijayo mvua ikinyesha baba ataenda kazini kama watu wengine, na kila Alhamisi, kuanzia ya wiki hii, atakuwa naye tangu anaamka mpaka analala. Mtoto alilipima jambo hilo kwa makini. Midomo ilimcheza kidogo, kwa maana mvua alikuwa ameiombea mwenyewe na sasa ilikuwa inamponyoka. Kisha akauliza kama kesho ni Alhamisi. Akaambiwa kesho ni Jumatano. Akasema basi Jumatano iende haraka.

Walirudi jioni na basi lile lile la makoti yanayovuja. Chiriku alilala kabla hawajapita soko, buti moja mguuni na jingine mfukoni mwa baba yake. Kioo cha pembeni kilikuwa kimejaa ukungu mzito, na Popo alikaa nacho njia nzima bila kukifuta, mikono yake ikiwa imemkumbatia mtoto.

Mkewe ameshapata habari, si kwa ujumbe, Popo amempigia simu mwenyewe, na kwa maelezo ya Popo alicheka kisha akalia kisha akauliza kama wamekula. Mipango ya Alhamisi ya kwanza bado haijakaa sawa. Mama anataka wapeleke nguo kwa bibi, binti anataka ngazi zinazotembea. Popo anasema yeye hana haja ya mahali popote pakubwa.

"Nataka achoke kuniona," anasema kwa sauti ya chini, asimwamshe. "Nataka siku moja jua linawaka, niko pale, aniambie, baba, hebu sogea, unanizibia."