Vidonge Vilivyomnyang'anya Rosa Utumbo Wake

Siku yangu ya kwanza kazini kama mfamasia nilivaa koti jeupe jipya nikaingia duka moja la dawa mtaani River Road, katikati ya jiji. Meneja alinionyesha rafu ya antibiotiki, yaani dawa za kuua bakteria, akasema, "Hizi usimpe mtu bila karatasi ya daktari." Hata wiki haikuisha, nikamwona yeye mwenyewe akimpa fundi wa mabomba vidonge hivyohivyo kwa mafua. Nilipomuuliza, alicheka. "Nikimnyima ataingia mlango unaofuata. Utazoea, dada."

Sikuzoea. Mafua huletwa na virusi, na antibiotiki haziui virusi hata ukimeza kopo zima. Zikifika tumboni huwafyeka bakteria wema, wale wanaotusaidia kusaga chakula na kuwazuia wabaya wasizaane.

Baadaye nilihamia kliniki ya Loresho, mtaa wa matajiri. Nilidhani huko mambo ni tofauti. Yalikuwa yaleyale, ila viti vilikuwa laini. Daktari mkuu aliandikia antibiotiki karibu kila mtoto aliyekohoa. Nilipolalamika akanijibu, "Madam, mzazi akitoka hapa mikono mitupu, harudi."

Kituo changu cha mwisho kilikuwa duka la dawa karibu na Kenyatta Market. Hapo ndipo nilipomjua Rosa, msusi wangu. Akishikwa na homa kidogo tu, alikimbilia duka la dawa la jirani yetu kununua antibiotiki. Nilimkanya.

"Auntie, wewe una maswali mengi," alisema. "Yule jamaa nikiitisha, ananipa."

Asubuhi moja wasusi wenzake walimleta kwangu wakimshika mabega. Alikuwa akiharisha damu, macho yameingia ndani. Nilimkimbiza hospitalini kwa teksi. Daktari wa wodi alitueleza kwamba bakteria wema walikuwa wameisha, na mmoja mbaya, mwenye sumu, amejaa na kuuchoma utumbo. Dawa hazikufua dafu. Wakamkata utumbo mkubwa ili aishi. Tangu hapo choo chake hutokea ubavuni, kwenye mfuko.

Nilimwendea yule jirani dukani kwake kwa hasira. "Uliwahi kumuuliza anaumwa nini?"

"Mama, ni yeye aliitisha. Mimi sikumlazimisha."

Nilimshtaki kwa wakaguzi wa maduka ya dawa. Wakalifunga duka, kisha likafunguliwa kwa jina jingine, yeye yule akiwa kwenye kaunta.

Sasa nimestaafu, na watu huniambia niyaache. Niyaache vipi? Nimeona dawa hizihizi zikimwinua mtoto mwenye nimonia aliyekwisha kukatiwa tamaa. Ndiyo maana inaniuma zinapouzwa kama peremende.

Rosa amerudi kusuka, ila husuka akiwa ameketi. Juzi alikuwa akinisuka, mteja mmoja akauliza duka la dawa liko wapi, koo linamwasha. Rosa aliacha kichwa changu nusu, akafunua blauzi yake ubavuni.

"Dada," akamwambia, "kaa kwanza nikuonyeshe."