Zamu ya Maji Iliyofichwa

Wiki aliyozikwa mume wa Jenoveva, katibu wa chama cha mfereji wa kumwagilia mashamba alimfuta mjane huyo kwenye kompyuta ya chama, na zamu yake ya maji akampa ndugu wa marehemu. Kabichi zikamkaukia shambani. Leo, miaka minne baadaye, alikuwa kwenye benchi la ofisi pale Lukozi, akimtazama fundi anayeikagua programu ile kuukuu kabla haijahamishiwa kwenye mtandao. Jina lisipoonekana leo, limekwenda moja kwa moja.

Kila kitufe fundi alikibonyeza mara mbili, akauliza kwa sauti ya chini, "Na hiki kinafanya nini, mzee?" Katibu akijibu, hakuandika mpaka ajionee mwenyewe. Alipofika kwenye majina yaliyofutwa, penseli ilisimama.

"Kumbe hii haifuti, inaficha tu. Jenoveva ndiye nani?"

"Hayo ya zamani, mwanangu, yaache hukohuko." Katibu alikuwa akitoka jasho, na baridi yote ile.

"Nikianza kuchagua, mzee, huo si ukaguzi." Akaliandika jina kwenye orodha ya kuhamishwa, herufi moja moja, akikandamiza.

Jenoveva hakumshukuru. Jina limehama. Maji ya miaka minne bado anamdai katibu.